Uso wa Bruno Mvuani

Jumanne, 6 Mei 2025

P.O.P, ile plasta ngumu ya kuungia mfupa, hadi chini ya goti, mguu wa kushoto. Daktari kasema nisiukanyage kabisa. Niliteleza nikipiga picha za maporomoko ya udongo barabara ya Mombo. Picha zilitoka vizuri, kifundo hakikutoka vizuri. Mhariri kanipa pole na papo hapo akampa kazi yangu mtu mwingine. Sawa. Habari haingoji mfupa uunge.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Mama. Mimi sitembei, yeye haoni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia limebaki kujua kumekucha au kumekuchwa tu. Madaktari wa macho wanakuja hospitalini hapa Lushoto kuanzia tarehe 26. Wakiondoka hatujui watarudi lini, na muuguzi alishatuambia jicho la kulia halina muda wa kungoja.

Mama hataki kusikia. Kuna mama mmoja wa Kwai alipasuliwa, akarudi haoni kabisa. Nimeifuatilia habari hiyo. Yule wa Kwai alikuwa na presha ya jicho, na hakuwahi kupasuliwa na mtu yeyote. Nimemwambia Mama. Kasema, Jenoveva, wewe umezoea kupinga.

Mwanangu Heri, aliyeko kazini Mwanza, aliacha pleisteshen yake chini ya kitanda. Kwenye simu kaniambia nicheze, nisije nikaanza kuwahoji kuku. Gemu yenyewe ni moja tu, tena sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza aliazima mtu, ndiyo imekwenda.

Jumatano, 7 Mei

Gemu hii ni hadithi, ila unaicheza. Zamani za ngome, mapanga na farasi. Kuna binti anaitwa Alda, baba yake alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba na kusubu kengele za kanisa. Wanakukumbusha sehemu ya kwanza mwanzoni kabisa, kwa ufupi na kwa mpangilio. Nimeheshimu. Askari wa bwana wa ngome walichoma kijiji, baba akafa, mama akachukuliwa mateka. Sasa Alda amebeba mgongoni kengele ya mwisho aliyoacha baba yake. Anavuka milima. Bwana wa ngome anaitaka kengele. Alda anamtaka mama yake. Watabadilishana, ikiwa atafika.

Nimekufa darajani. Nimekufa tena darajani. Vidole vyangu vimezoea kinasa sauti, hii padi ina vitufe kama dashibodi ya lori. Mama kauliza kutoka jikoni ni nani anapigwa. Nikamwambia ni mimi. Akaja akakaa.

Ijumaa, 9 Mei

Nacheza huku natangaza. Wanaongea Kiingereza, mimi natafsiri. Wakinyamaza, naeleza kinachotokea. Kama mpira wa redioni. Mama anachambua maharage kwa vidole na kuuliza maswali. Amevaaje huyo binti? Gauni refu la kijivu, kamba kiunoni, viatu vya ngozi, cha kulia kimetoboka. Mrefu? Wa kadiri. Kengele kubwa? Kama kichwa cha mbuzi. Anaridhika na majibu ya namna hiyo. Tunaelewana.

Shida ni salamu. Njiani Alda kamkuta mzee kakaa juu ya jiwe. Mchezo unakupa muda mfupi sana: uchomoe panga au uongee naye. Mama kauliza huyo mzee ana umri gani. Ana mvi, nikasema. Basi aamkiwe. Nikabonyeza kuongea. Kumbe mzee ni jambazi, wenzake wakatoka vichakani, Alda kafa. Tukarudia. Mama hakubadilika: ujambazi wake hauondoi uzee wake, aamkiwe. Kafa tena. Safari iliyofuata nikachomoa panga bila kusema. Mama kasikia mlio wa chuma. Kaninunia hadi wakati wa chai.

Halafu alasiri, katikati ya mchezo, kengele ya monasteri ikalia. Mama kaweka ungo chini, kasimama, kaanza sala ya Malaika wa Bwana. Nikasimamisha mchezo hadi alipomaliza. Nilipomweleza kengele imelia ndani ya gemu, kasema basi amewaombea hata wao.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa Hassani kaja na kabichi mbili. Hassani ni jirani yetu, ana bustani ng'ambo ya kijito. Enzi zake alikuwa na banda la video mjini, na ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu, amesimama kando ya runinga na maikrofoni yake. Wachina, Wahindi, Wamarekani, wote walisema kwa mdomo wake. Lugha zao hakuzijua hata moja. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Kamwamkia Mama, kakaa, kanisikiliza nikitangaza. Nikaona anateseka. Mwishowe kaomba kwa adabu zote asaidie kidogo.

Kuanzia hapo bwana wa ngome akawa zumbe, mtawala wa Wasambaa. Ngome ikawa Vuga, makao ya watawala wetu wa zamani. Njia ya milimani ikawa ile ya Mtae. Alda, ambaye kwa saa nzima alikuwa amesema maneno mawili tu, akaanza kuhutubia. Mama kazaliwa Vuga, kwa hiyo alimkatiza: njia hiyo haina daraja. Hassani hakubabaika hata kidogo. Kasema daraja lilikuwapo, likachukuliwa na maji kabla wewe Mama hujazaliwa. Na Mama karidhika!

Nikamwambia Hassani hakuna popote walipoitaja Vuga. Kanijibu kwamba mimi ninasoma taarifa ya habari, na watu hawalipi kiingilio kusikiliza taarifa ya habari.

Jumanne, 13 Mei

Tumepatana. Mimi nashika maneno, Hassani anashika mapigano. Mapatano yamevunjika kabla ya chai – kageuza kikohozi cha askari kuwa kiapo.

Mama anacheka hadi anashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu macho yalipoanza kufifia.

Alhamisi, 15 Mei

Rehema kapita. Ndiye muuguzi anayezungukia wagonjwa upande wetu. Kaangalia vidole vya mguu wangu, vina rangi nzuri. Kisha kamgeukia Mama. Mwisho wa kuandikisha majina ya wagonjwa wa macho ni Ijumaa ijayo, tarehe 23. Kamweleza kila kitu taratibu, sindano ya ganzi, muda mfupi, hakuna kulazwa sana. Mama kamsikiliza kwa heshima. Halafu kasema alichotaka kuona ameshakiona, na hicho kisu wampelekee kijana. Kisha kamuuliza Rehema kama ana habari kwamba Alda amepata mwenzake wa safari.

Ni kweli amempata. Anaitwa Bruno, askari aliyetoroka jeshini. Anagawa mkate wake nusu kwa nusu, hilo limemfurahisha sana Mama. Hassani tayari kamfanya mchumba, hata mahari imeshaanza kuzungumzwa. Mimi nimetoa taarifa ya nilichoona: sokoni bibi mmoja alimtazama Bruno, akatema mate, akaingia ndani na kufunga mlango. Nadhani Bruno alikuwamo kwenye kundi lililochoma kijiji. Nadhani tu. Nimemwambia Mama kwamba ni dhana.

Hassani kasema bibi huyo alikuwa na mafua.

Jumamosi, 17 Mei

Leo tumefika mtoni. Niandike kwa utaratibu, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mvua kubwa. Alda ana homa, kalala chini ya mti, kengele kaikumbatia. Bruno kaamka, kashuka hadi ukingoni peke yake. Katoa kitu ndani ya shati, kidogo, kinaingia kiganjani. Kakitazama. Kakitupa mtoni. Uso wake ukaletwa karibu, ukajaa kioo chote, ukakaa hapo. Hakuna neno hata moja. Kisha vishindo vya farasi. Bruno karudi mbio, kamwamsha Alda: askari wa ngome wanakuja, kuna pango ng'ambo, amfuate. Hapo mchezo ukasimama. Maneno mawili kwenye kioo: umwamini, umwache. Safari hii hakuna kuharakishwa. Unangojwa.

Mama kauliza swali moja. Pale mtoni, alikuwa analia?

Hassani kasema analia, kifua kinamtikisika, katupa pete aliyopewa na zumbe, ametubu. Mimi nikasema mvua ilikuwa inanyesha na uso ulikuwa umelowa. Kitu alichotupa sikukitambua. Mama kauliza tena: ndiyo, umelowa kwa nini? Nikasema kwa mvua, hilo nina hakika nalo. Zaidi ya hapo sina.

Tumeirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Hassani anaona machozi kila mara. Mimi naona maji.

Nikampigia Heri, maana yeye gemu ameimaliza, anajua Bruno ni mtu gani. Mama kanikataza nisimuulize.

"Heri naye ni mdomo mwingine," kasema. "Midomo ninayo miwili, inanitosha."

Jumatatu, 19 Mei

Mama ametuhoji, kila mtu peke yake. Mimi chumbani, Hassani kwenye kibaraza. Maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Nyusi zilikuwaje? Mdomo ulifungwa au uliachama? Mabega? Alipotupa, alitupa kwa nguvu au alikiachia tu? Halafu alikitazama kikienda au aligeuka? Nimewahi kufanya kazi na watu wenye shahada ambao hawajui kuuliza hivyo.

Matokeo: Bruno wawili. Wa Hassani alikiachia kwa upole na mabega yakaanguka. Wangu alikirusha kama anayetupa ganda la ndizi. Mama kasema mmoja wetu ni mwongo na mwingine ni kipofu, bado hajaamua nani ni nani.

Jioni kaka yangu Kristian kapiga simu kutoka Kwai. Kasema nimwambie Mama lolote lile, mradi afike hospitali kabla ya Ijumaa. Nikamjibu kwamba sijawahi kuripoti lolote lile. Kakata simu.

Jumatano, 21 Mei

Umeme hakuna tangu jana. Ukungu umeingia hadi ndani, nguo hazikauki. Tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya mnavu. Mama kataja jina la Bruno kama mara nne, kama mtu anayezungumzia mgeni aliyelala chumba cha pili. Atakuwa amelowa sana yule. Kama ni mwema, kasema, basi anamngoja mtoto wa watu kwenye mvua bure. Na kama si mwema?

Karudia kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi nimemkuta Mama kakaa kitandani amevaa viatu vyake vya kanisani. Leo si siku ya kanisa. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Nimelea wavulana watano na baba yao," kasema. "Uso wa mwanaume nikiuona, ninajua. Ita bajaji."

Niliita. Nilihofia nikiuliza swali moja la ziada atavua viatu. Hassani kaenda naye kwa sababu ya mguu wangu. Kaniambia waliporudi kwamba Rehema alimwandika, kisha kamuuliza bibi ni nini kimembadilisha mawazo. Mama kajibu kuna kijana anataka kumwona. Inaonekana habari imezunguka wodi nzima. Wanataka kujua harusi ni lini.

Sharti moja kaweka: gemu isiguswe. Padi kaichukua mwenyewe, kaiweka chini ya mto wake. Nikamwambia hata kama tungetaka, tusingecheza bila yeye. Kasema mimi ananiamini. Padi ni kwa ajili ya Hassani.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda kwa magongo. Barabara ya hospitali ina kokoto, nimefika natoka jasho kwenye baridi hii. Foleni ndefu, wazee watupu, kila mmoja na kipande cha plasta juu ya nyusi kuonyesha jicho la kufanyiwa kazi. Mama aliwekewa la kulia. Kakaa wima, rozari mkononi, mikono imetulia.

Daktari ni kijana, si mtu wa huku. Kamwambia Mama mambo vipi, bibi. Mama kasema hatalala kwenye kitanda hicho mpaka aamkiwe vizuri. Rehema kasema chumba kizima kiliganda. Kijana kavua barakoa, kasema shikamoo, kaitikiwa marahaba, kavaa barakoa nyingine, wakaendelea. Hakukawia.

Nje daktari kanieleza bila kupamba, nikampenda kwa hilo. Kazi imekwenda sawa. Lakini jicho lilikuwa limekaa muda mrefu mno. Huenda akaona vizuri, huenda akaona kivuli tu. Hawezi kuahidi hadi bandeji itoke kesho.

Nimemfikishia Mama maneno hayo kama yalivyo. Kisha kauliza kama kule mtoni mvua bado inanyesha. Nikasema mchezo umesimama, kwa hiyo inanyesha.

Ameniambia basi nikalale, nisikeshe nikihesabu matone ya watu.

Jumatano, 28 Mei

Bandeji imetoka. Rehema kamfungua taratibu, kampangusa, kamnyooshea vidole. Mama kasema viwili. Kisha kasema kucha hizo ni ndefu kwa muuguzi.

Nilikaa chini. Kulikuwa na kiti, nashukuru.

Kanigeukia. Kanitazama kwa muda mrefu, jicho jekundu, machozi ya dawa yanamtiririka. Kasema nimekuwa sura moja na shangazi yangu mkubwa. Si sifa. Huyo shangazi alikuwa na uso wa kukusanya kodi.

Njiani kwenye bajaji kataja kila kitu. Rangi ya mabati. Mbuzi. Mlima upo palepale. Mama mmoja kapita na kikapu cha plamsi zilizoiva, kasimamisha bajaji azitazame tu, hakununua. Rehema alisema runinga kidogo, asiinamie moto, moshi asiukaribie. Mama kasema ameyasikia yote na ataanza na hiyo runinga.

Hassani alikuwa anatungoja kibarazani, amevaa shati la Idi. Mama kamwambia alimfikiria ni mrefu zaidi. Kajibu kwamba hata yeye alijifikiria hivyo.

Tukaingia. Mama katoa padi chini ya mto, kanikabidhi. Kakaa kwenye kiti chake. Nikawasha, nikarudi mwanzo wa sehemu ya mtoni. Mvua. Mti. Alda kalala, kengele mikononi.

Mama kasogea mbele.

"Huyu nani?"

"Alda."

"Alda huyu? Jenoveva, huyu si Mzungu?"

Nikatazama kioo. Nikamtazama Mama. Nywele za mtoto zina rangi ya makumbi ya nazi, ziko pale tangu siku ya kwanza. Nilimwambia kamba ya kiunoni. Nilimwambia kiatu kilichotoboka, tena upande gani. Hilo sikulisema. Halikunijia kabisa kwamba ni la kusema.

Mama kasema yeye alimvika kaniki. Alimpa uso wa mtoto wa dada yake wa Vuga, yule mwembamba. Siku zote hizi alikuwa akimwona anapita pale chini ya kanisa, na kengele yake mgongoni, anawaamkia watu. Kisha kamgeukia Hassani kwa jicho lake moja, kumuuliza Wazungu hao aliwapitishaje Vuga.

"Mama, kwenye banda langu walikuwa Wasambaa wote," Hassani kasema. "Wahindi pia."

Mama kacheka hadi nikaogopea jicho. Kajifuta shavu kwa leso, kwa uangalifu, kama alivyoelekezwa. Kamtazama Alda tena, safari hii kwa utulivu. Kasema homa inamtesa, Mzungu au si Mzungu, mbona hawajamfunika. Endelea.

Bruno kaamka. Kashuka ukingoni. Hassani akavuta pumzi ya kuanza. Mama kanyoosha kidole bila kugeuka, pumzi ikaishia hapo. Kitu kikatoka ndani ya shati. Kikatupwa. Uso ukaja, ukajaa kioo. Kisha farasi, pango, maneno yale mawili.

Nikamuuliza tunabonyeza lipi.

"Rudisha," kasema.

Nimerudisha. Nikarudisha tena. Chai imepoa, Hassani kakalia mikono yake. Naandika hapahapa kochini, padi mapajani, mguu juu ya stuli. Mama kavuta kiti hadi goti lake linagusa meza ya runinga. Bruno yuko mbele yake, mkubwa kuliko kichwa cha mtu, maji yanamtiririka. Nimeuliza ni machozi au ni mvua. Kainua mkono ninyamaze na mimi.